Ufunguo Ulioanguka Majini



Mama zetu na dada zetu watukufu, na nyinyi akina baba mnaousoma ukurasa huu kwa kuuibia, wiki hii twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kisichojaa kiganja: rimoti ya ufunguo wa gari. Huenda mkasema kwamba sheikh amekwishiwa na maneno ya dini, sasa aingilia ya mafundi. La, sivyo. Katika nyumba zetu za leo gari si jambo la fahari. Ndilo limpelekalo mgonjwa hospitali na watoto chuoni, na aghalabu ni la mkopo, na aghalabu mwenye kuliendesha ni mama. Likikataa kufunguka asubuhi, nyumba nzima hutikisika.

Mwezi wa Aprili tulikuwa Nyeri, kwa binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko, mtaa wa Majengo. Kwa msomaji asiyepata kufika, mji ule umekaa baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na masika yake si masika yetu. Kwetu mvua hupiga kwa kishindo kisha jua likatoka likakausha ua. Kule mvua hunyesha, ukungu ukatanda, kisha mvua ikarudi, na kanzu iliyofuliwa Jumatatu huivai hata Alhamisi. Mlima wenyewe, pamoja na urefu wake wa mita 5,199, tulikaa siku tano tusiuone. Hayo tunayataja kwa sababu habari yetu ni ya maji na kukauka.

Binti yetu anamwuguza mavyaa wake, ambaye figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, bibi yule hupelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Miadi hiyo si ya kuahirishwa. Saa ya mtu ikipita, mashine hupewa mwingine, na sumu iliyokuwa itoke mwilini hubaki. Kwa ajili hiyo mume, ambaye kazi yake iko mbali, alimnunulia mkewe gari dogo la Kijapani lililokwishatumika, kama yalivyo mengi katika barabara zetu, nalo lilikuja na ufunguo mmoja tu.

Usiku wa kuamkia Jumanne gari lile lilianza vituko. Limeegeshwa uani, hapana mtu karibu, milango ikajifunga kwa mlio, taa za pembeni zikawaka, milango ikajifungua. Baada ya dakika chache, tena. Jirani mmoja, mama mtu mzima mwenye mapenzi mema, akachungulia dirishani akasema kwamba hilo gari lina mtu ndani asiyeonekana, na asubuhi sheikh aitwe alisomee. Sisi tulikuwa tumelala chumba cha wageni msikitini, na habari ilitufikia baada ya sala ya alfajiri. Majini twawaamini, kwa kuwa Qurani imewataja. Lakini hatujapata kusikia jini mwenye haja ya kitasa cha gari, na kabla hatujafungua kinywa kusoma tuliuliza ufunguo uko wapi.

Ufunguo ulikuwa umetundikwa msumarini, jikoni, upande wa pili wa ukuta. Kufikia saa hiyo vituko vilikuwa vimekoma, na si vituko tu: rimoti yenyewe ilikuwa imekufa. Binti yetu alibonyeza, akabonyeza tena kwa nguvu, gari likamtazama tu. Bibi alikuwa amekwishavishwa shali mbili na kukalishwa kitini. Wakakusanyika watu, na kila mmoja ana lake: huyu ataka livutwe hadi gereji, yule ataka kioo kivunjwe.

Hapa yataka tueleze jambo ambalo mama wengi wanaoendesha magari hawakuelezwa siku waliyokabidhiwa ufunguo. Ufunguo wa aina ile si kitu kimoja. Ni vitu vitatu vilivyotiwa katika ganda moja la plastiki. Cha kwanza ni chuma chenyewe, ambacho huingia kitasani kama ufunguo wa kabati la bibi. Cha pili ni rimoti, yenye betri na vitufe, nayo hutuma mawimbi ya kufunga na kufungua milango. Cha tatu ni chipu ndogo isiyo na betri, ambayo huamshwa na koili iliyozunguka tundu la ufunguo pale kwenye usukani, ikajitaja jina, na gari likilitambua jina hilo huiruhusu injini kuwaka. Rimoti ikifa, chuma hakifi, wala chipu haihitaji betri. Hata yale magari ya kisasa ya kubonyeza kitufe badala ya kuzungusha ufunguo, aghalabu yana chuma chembamba kilichofichwa ndani ya rimoti kwa ajili ya mlango, na mengi kati yake huwaka rimoti ikisogezwa mpaka iguse kile kitufe cha kuwashia, hata kama betri imekwisha.

Basi tukamwambia binti yetu atie chuma kitasani. Kikagoma. Kitasa kile hakikuguswa tangu gari lifike nchini, kwa kuwa siku zote lilifunguliwa kwa kitufe, na vumbi na unyevu vimekaa humo wakafanya ndoa. Tuliomba mafuta mepesi ya kupulizia, tukapuliza, tukasubiri, tukazungusha pole pole mbele na nyuma pasi na nguvu, maana chuma cha ufunguo huvunjika na nusu ikabaki ndani. Mara ya nane au ya tisa mlango ukafunguka. Injini ikawaka mara moja. Bibi alifika hospitali saa yake haijapita, Alhamdulillahi.

Walipokwisha kuondoka, nyumba ilibaki na watoto, na mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa ngazini hajala. Hatukumwuliza amefanya nini. Tulimwomba atuletee bilauri ya maji, akaleta, tukakaa naye, tukamwambia kwamba tunadhani ufunguo ule umeingia maji, na kwamba fundi akijua ni maji gani na tangu lini, kazi yake huwa nyepesi. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Babu, ni maji ya pipa. Tangu Jumapili."

Jumapili jioni bibi yake alimtuma kutoa blanketi garini. Mvua ilikuwa ikinyesha, akakimbia, ufunguo ukamponyoka ukaangukia pipa lililo chini ya mlizamu wa bati. Pipa ni refu kwake. Alihangaika na fimbo mpaka akaupata, akaufuta kwa shati, akabonyeza: gari likalia. Akaona salama imepatikana, akautundika msumarini, akanyamaza. Tukamwuliza kwa upole kwa nini hakumwambia mamake. Akasema mwaka jana alivunja kioo cha simu, na akatutajia idadi ya fimbo. Alikuwa angali anaikumbuka.

Mama zetu, hebu tuyatazame hayo maji na hizo siku mbili, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo habari yote.

Maji peke yake si adui mkubwa wa rimoti. Kiuwaji chake ni maji yakutanapo na umeme. Betri ile ya duara, mara nyingi yenye maandishi CR2032, maana yake ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, hutoa volti 3 tu, ambazo mkono wa mtoto hauzihisi. Lakini maji yaliyopita juu ya bati yamebeba vumbi na chumvi, na umeme hupita ndani yake. Hapo shaba iliyo upande mmoja wa ubao wa sakiti huanza kuyeyuka kidogo kidogo, na mabaki yake yakajijenga upande wa pili, rangi ya kijani. Rangi hiyo mnaijua. Ndiyo ile ikaayo juu ya madele ya kahawa na sinia za shaba zilizosahauliwa kabatini. Tofauti ni kwamba sinia hula miaka mingi kufikia hapo, ilhali nyuzi za shaba za sakiti, nyembamba kama unywele, zikiwa na betri iliyo hai na maji juu yake, huharibika kwa siku chache. Na maji yale yalipounganisha sehemu mbili chini ya kitufe, rimoti ilidhani imebonyezwa, ikatuma amri, gari likatii. Ndiye yule jini. Aliendelea mpaka alipoinyonya betri ikaisha.

Kwa hiyo mtoto angesema Jumapili ile ile, dawa ilikuwa ni kufungua ganda na kutoa betri. Kazi ya dakika tatu kwa ncha ya kisu. Betri ikitoka, umeme hakuna, na maji yaliyobaki ni maji tu ya kukaushwa. Ni ile fimbo ya mwaka jana iliyoiacha betri ndani kwa siku mbili, na nusura imkoseshe bibi mgonjwa mashine yake.

Anas bin Malik (R.A.) aliingia kumhudumia Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akamhudumia miaka mingine kumi, naye amepokea kwamba hakupata kuambiwa hata neno la kuchoshwa, wala kuulizwa kwa nini umefanya hili au umeacha lile. Siku moja alitumwa, akakawia na watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mtume akamjia kwa nyuma akamshika kisogoni, na Anas alipogeuka alimwona akicheka. Mara nyingi husomwa hadithi hizi katika maulidi, nasi hutikisa vichwa, kisha tukarudi nyumbani tukamchapa mtoto kwa sababu ya bilauri. Wako watakaosema kwamba sheikh ataka watoto walegee, wavunje vyombo bila ya hesabu. Hatukusema hivyo. Katika nyumba ya Mtume mwenyewe sahani ilivunjwa kwa wivu mbele ya wageni. Alikusanya vipande na chakula kwa mikono yake, hakumfedhehesha aliyevunja, lakini sahani nzima ilitoka nyumba ile ikapelekwa kwa aliyevunjiwa yake. Fidia ilikuwapo. Kelele ndizo ambazo hazikuwapo.

Binti yetu aliporudi na mavyaa wake, tulimweleza mbele ya mtoto, kwa idhini ya mtoto. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ami, hata mimi nilipokuwa mdogo nilivificha vitu nilivyovunja." Hakusema zaidi, nasi hatukuongeza.

Alasiri tulikwenda mjini sote watatu. Duka la kwanza, ambalo hatutalitaja, lilitaka shilingi 18,000 kwa ufunguo mpya na kuufunza gari, hata kabla ganda halijafunguliwa. Mtu asikubali bei ya maiti kabla mgonjwa hajapimwa. Tulimpata kijana mmoja fundi wa simu karibu na stendi ya matatu, Mkikuyu asiye wa dini yetu lakini mwenye adabu na mkono mwepesi, akasema, "Mzee, tuangalie kwanza."

Alitandika kitambaa cheupe mezani kabla ya kufungua, na tunaomba jambo hilo lishikwe. Katika baadhi ya funguo ile chipu ya kuwashia injini ni kijipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi, kilichokaa tu ndani ya ganda, na mtu akifungua kwa pupa hudondoka kikapotea, na hapo gari haliwaki tena kwa ufunguo huo. Akatoa betri. Akatoa ubao wa sakiti. Kijani kilikuwapo, karibu na makalio ya betri na chini ya kitufe cha kufungia.

Binti yetu aliuliza kama ingefaa tuutie katika mchele. Nyumba yake haikosi pishori ya Mwea, ambayo hulimwa chini ya mlima ule ule, na kila mtu wa huko ana hadithi ya simu iliyofufuliwa ndani ya gunia. Fundi alicheka akasema kwamba pishori ni ya kupikwa. Mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani ya ganda kuliko upepo wa kawaida, na huacha unga unga ndani ya sakiti. Isitoshe, hauiondoi kutu iliyokwishaingia. Vivyo hivyo limau na ukwaju, ambavyo kwa sinia ya shaba ni dawa: asidi yake ikibaki katika pembe za sakiti huendelea kula.

Yeye alitumia mswaki laini uliolowanishwa alkoholi ya isopropili, akasugua pole pole mpaka kijani kikatoka, akafuta miguu ya betri kwa kifutio cha penseli. Huo ulioanguka katika maji ya bahari, kama itokeavyo kwetu, au katika chai ya maziwa, huoshwa kwanza kwa maji safi, bora yale yaliyotoneshwa ya kutia katika betri za magari, ili chumvi na sukari zitoke. Kisha ndipo alkoholi, ambayo huyasukuma maji na kukauka upesi. Thina ya rangi isitumiwe, kwani huyeyusha plastiki.

Tunajua swali limekwishawajia: je, alkoholi hiyo si najisi? Isopropili si pombe inyweshwayo, haitengenezwi kwa kulewa, na mwenye kuinywa hudhurika. Sisi hatuioni kuwa ni khamri. Na kwa yule ambaye moyo wake hautulii, ufunguo hausaliwi. Anawe mikono baada ya kazi, basi.

Kukausha ndiko kulikotushughulisha, kwa hali ya hewa ya kule. Fundi alipuliza kwa kipuliza hewa cha mkono, akatukataza jiko la makaa na mashine ya kukaushia nywele ikiwa katika moto mkali, maana plastiki hupinda. Tuliuacha ubao wazi, bila ganda wala betri, karibu na feni yake ndogo hadi siku ya pili adhuhuri. Bibi hakuhitaji gari mpaka Ijumaa, na chuma na chipu tulibaki navyo mfukoni ikiwa patatokea dharura.

Jumatano alipotia betri mpya, kitufe cha kufungua kiliitika, cha kufunga hakikuitika. Akakiangalia kwa lenzi: uzi mmoja wa shaba ulikuwa umeliwa kabisa, pengo kama la jino la mtoto. Akalehemu waya mwembamba juu ya pengo. Gari likajifunga tukiwa hatua kumi na tano mbali. Alitaka shilingi 500 kwa kazi na 150 kwa betri. Mtoto akatoa 150 kutoka katika fedha zake za sikukuu, bila ya kuombwa. Mamake alitaka kumrudishia, tukamwashiria aziache zipokewe. Ile ni sahani yake.

Ushauri wa fundi tunaufikisha kama ulivyo: ufunguo wa pili utengenezwe sasa, ungali huu mmoja wafanya kazi, kwa sababu gari lililopoteza funguo zote hugharimu zaidi kufunzwa upya. Na kitasa cha mlango kifunguliwe kwa chuma mara moja moja, kisisahau kazi yake.

Jioni hiyo, tukinywa kahawa, binti yetu aliuliza ghafla: ile betri ya zamani iko wapi? Mkoba ukamwagwa, meza ikapanguswa, mkeka ukainuliwa. Nyumbani mna mtoto mchanga wa miezi kumi atiaye kila kitu kinywani, na betri ya duara ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili tu, hata ikiwa imechoka kiasi cha kutoendesha rimoti. Mama anayeshuku kwamba mwanawe amemeza moja asisubiri kuona dalili wala asimtapishe. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Tulikuwa tungali tunatafuta chini ya viti, mtoto wa miaka tisa akaingia kutoka uani, akatuona, akauliza twatafuta nini, tukamwambia.

"Ninayo mimi, mama," akasema, akaitoa mfukoni. "Niliiomba kwa fundi."

Mamake aliipokea, akaizungushia utepe wa gundi pande zote mbili, akaiweka juu ya kabati mpaka irudishwe kwa fundi, kisha akammiminia kahawa kidogo yenye maziwa mengi.